Kompyuta imepata alama ndogo: tutafute chanzo

Siku hizi watu hawaniletei kompyuta kwanza, wananiletea picha ya skrini. "Fundi, Cinebench imenipa 2,100. Mashine nzima hii, au nimepigwa?" Cinebench ni programu inayopima prosesa, ubongo wa kompyuta, kwa kuichoresha picha kisha kuipa alama. Swali ni la haki kabisa. Laptopu ya mtumba iliyotoka Uingereza au Dubai inameza akiba ya miezi, na ukishalipa ukaondoka nayo, kurudisha mzigo ni kazi. Shida ni kwamba namba ikiwa peke yake haijibu kitu. Kabla sijasema lolote nauliza: toleo gani la programu, prosesa gani, ilikuwa kwenye chaja au kwenye betri, na ulipima mara ngapi?

Nimeupanga mwongozo huu kwa dalili, kwa sababu ndivyo tatizo linavyofika mezani. Njiani nitasema pia programu ipi naiamini kwa kazi ipi. Hizi programu hazipimi kitu kimoja, na ukichukua isiyohusika utakanda mguu wakati linalouma ni jino. Zote ninazozitaja zina toleo la bure linalomtosha mtu wa nyumbani.

Kabla ya dalili yoyote: umepima katika hali gani?

Chomeka chaja. Laptopu ikiwa kwenye betri hujibana ili chaji idumu, na alama inaweza kushuka sana bila kitu chochote kuharibika. Ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, chagua hali ya utendaji wa juu. Halafu subiri. Windows ikitoka kuwaka inapakua masasisho, antivirusi inapekua mafaili, na kama umetoka kupiga Windows mpya, inaorodhesha mafaili yote ili uweze kuyatafuta baadaye; kazi hiyo inaweza kuendelea kimyakimya kwa muda mrefu. Fungua Task Manager utazame prosesa na diski. Zikitulia karibu na sifuri kwa dakika kadhaa, funga kivinjari na vichupo vyake thelathini, ndipo upime.

Pima mara tatu, chukua namba ya katikati. Tofauti ya asilimia mbili au tatu kati ya jaribio na jaribio ni ya kawaida, usikose usingizi kwa ajili yake. Tofauti ya asilimia kumi katika majaribio yaliyofuatana tayari ni dalili: kuna programu inayoingilia, au kuna joto.

Na mashine ikae juu ya meza. Ikilala juu ya godoro, matundu ya chini yanazibwa na shuka, na feni haina pa kuvutia hewa.

"Mwenzangu ana kompyuta kama yangu, kanizidi mbali"

Angalia toleo kwanza. Cinebench inatengenezwa na Maxon, kampuni ya Ujerumani, na imepitia R15, R20, R23 iliyotoka 2020, kisha toleo liitwalo 2024. Kila toleo lina mizani yake. Prosesa inayopata mamia kwenye R15 inapata maelfu kwenye R23, halafu inarudi kwenye mamia kwenye toleo la 2024. Prosesa haikulala wala haikuamka; rula ndiyo iliyobadilika. Geekbench, kipimo kingine cha prosesa kutoka Primate Labs wa Kanada, ni vilevile. Geekbench 5 ilichukua prosesa ya Intel, Core i3-8100, ikaiita 1,000. Geekbench 6, iliyotoka Februari 2023, imechukua Core i7-12700 ikaiita 2,500. Anayeweka alama ya 5 kando ya alama ya 6 analinganisha kilo na ratili.

Geekbench 6 ilibadilisha pia namna ya kupima viini vyote vya prosesa (cores) kwa pamoja. Zamani kila kiini kilipewa kazi yake. Sasa viini vinasaidiana kazi moja, kama watu wanaopandisha kabati moja kwenye ngazi: ukiongeza wabebaji, mwendo hauongezeki kwa kiasi hichohicho, maana lazima wasikilizane. Ndiyo sababu prosesa yenye viini vingi haing'ari huko kama inavyong'ara kwenye Cinebench, ambako picha inakatwa vipande na kila kiini kinachora chake bila kumngoja mwenzake. Zote mbili zinasema kweli. Kama kazi yako ni kuhariri video au michoro ya pande tatu, soma alama ya viini vyote ya Cinebench. Kama ni kuandika, kuvinjari na mahesabu ya Excel, alama ya kiini kimoja ya Geekbench iko karibu zaidi na maisha yako.

Kisha hakikisha kwamba kompyuta ni "kama yako" kweli. Fungua CPU-Z, programu ndogo inayotaja vifaa vilivyomo ndani, usome jina la prosesa lote, hadi herufi ya mwisho. Core i7-7500U ina viini viwili. Core i5-8250U, ya kizazi kilichofuata, ina vinne. Kwenye jaribio la viini vyote i5 hiyo inaiacha i7 hiyo mbali, na bado naona vijana wanaongeza pesa madukani kwa ajili ya stika ya i7. Inaniuma kila mara, kwa sababu dakika mbili za CPU-Z zingewaokoa.

Inaanza kwa kishindo, inaishia kwa kuchechemea

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo zaidi, na ndiyo inayofichwa na vipimo vya haraka. Geekbench inapima kwa vipande vifupi na kupumzika katikati, kwa makusudi, ili joto lisiharibu matokeo. Ni njia nzuri ya kujua prosesa ina nguvu kiasi gani. Haikuambii kama laptopu yako inaweza kuishikilia nguvu hiyo mpaka kazi iishe. Kwa swali hilo mimi natumia Cinebench R23, ambayo usipoigusa mipangilio yake hurudia kuchora picha kwa dakika 10 kabla ya kutoa alama ya mwisho. Ina pia chaguo la kupima raundi moja tu. Pima kwa njia zote mbili uweke namba kando kwa kando. Zikikaribiana, upoaji uko sawa. Zikiachana kwa theluthi, endelea kusoma.

Washa HWiNFO, programu ya kusoma sensa za mashine, pembeni, upande wa sensa, uangalie vitu vitatu wakati jaribio linaendelea: joto la prosesa, wati inazovuta, na kasi ya viini.

Hapa panahitaji utulivu, maana kushuka si ugonjwa siku zote. Prosesa za Intel za laptopu zinaruhusiwa kuvuta umeme mwingi kwa muda mfupi, mara nyingi kama sekunde 28, halafu zinarudi kwenye kikomo chao cha kudumu. Ya wati 15 inaweza kuanza na wati 25 au zaidi, kisha baada ya nusu dakika ikakaa kwenye 15 na isitoke hapo. Ukiona wati zimetulia 15, joto liko nyuzi sabini na kitu, na kasi haiyumbi, basi hiyo mashine ni nzima, ilitengenezwa hivyo. Ugonjwa ni pale joto linapogonga nyuzi 95 hadi 100, mstari wa kujibana kwa joto kwenye HWiNFO unabadilika kutoka No kuwa Yes, na wati zinaporomoka chini ya kikomo: 12, 10, 9. Hapo prosesa ina hamu ya kazi, ila hewa hakuna.

Mwaka jana mwezi wa tatu aliniletea laptopu mama mmoja, mwalimu wa sekondari. "Mwanangu," akaniambia, "asubuhi inakimbia vizuri. Nikianza kupanga matokeo ya wanafunzi, inageuka mgonjwa." Prosesa ilikuwa hiyohiyo Core i5-8250U. Geekbench haikuona kosa. Cinebench R23 ilianza na 3,300 raundi ya kwanza, na dakika 10 zilipoisha ilikuwa 2,050. HWiNFO ilionyesha nyuzi 97 na wati 9. Nikafungua mfuniko wa chini. Kwa juu palikuwa pasafi, feni inazunguka bila kelele, na ungeweza kuapa kwamba hakuna kitu. Lakini nilipofungua skrubu za feni na kuinyanyua, kati yake na mapezi ya shaba ya kupozea kulikuwa na blanketi la vumbi la kijivu, limeshikana kama sufi ya mto wa zamani, nene kama kidole cha mtoto. Nililivuta kwa kibano likatoka zima, kipande kimoja, na umbo la mapezi limechapwa upande mmoja. Themo pesti, ile dawa ya kupitisha joto, juu ya prosesa ilikuwa imekauka, ukiigusa inapukutika kama chaki.

Nilisafisha kwa spiriti, nikaweka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele, nikakaza skrubu za kipoza joto kwa mkato wa msalaba ili kikae sawa. Jaribio lilelile, dakika zilezile 10: alama 3,180, joto nyuzi 78. "Kwa hiyo si Windows?" akauliza, maana alikuwa ameshapigiwa Windows mpya mara mbili kwingine na kulipia zote mbili. "Hapana, mama. Ilikuwa pumzi."

Ukisafisha mwenyewe kwa kipulizia hewa, shika feni kwa kidole isizunguke ovyo. Na kumbuka joto la chumba. Dar es Salaam mwezi wa Januari, chumba chenye nyuzi 32 hakifanani na ofisi yenye kiyoyozi, na nyuzi zile zinajiongeza juu ya joto la prosesa. Ukitaka kulinganisha kabla na baada ya matengenezo, pima mahali pamoja, saa zinazofanana.

Kasi imeganda kwenye 0.4 au 0.8 GHz

Hii haina uhusiano na vumbi. Alama inatoka ndogo kupita kiasi, robo ya inayotarajiwa au chini ya hapo. Ukifungua Task Manager kasi imegota kwenye 0.4, 0.78 au 0.8 GHz hata jaribio linapokimbia, na prosesa ni ya baridi kabisa. Kuna kitu kimeiamuru ijizuie.

Mara nyingi kitu hicho ni chaja. Baadhi ya chaja za laptopu, zile za mdomo wa mviringo, zina sindano nyembamba katikati. Sindano hiyo haipeleki umeme wa kuendeshea mashine. Inapeleka utambulisho wa chaja, kwamba ni ya wati ngapi. Ikivunjika, ikipinda, au ukinunua chaja isiyojitambulisha, kompyuta inakosa kujua inaweza kuvuta umeme kiasi gani, kwa hiyo inachukua tahadhari: inabana prosesa na mara nyingi inakataa kuchaji betri. Taa inawaka, Windows inafunguka, kila kitu kinaonekana kiko sawa isipokuwa kasi.

Naeleza hili kwa kirefu kwa sababu niliwahi kukosea. Kijana wa chuo alikuja na mashine ya namna hiyo, nikapima, nikaona 0.78 GHz, nikamwambia madabodi (bodi kuu) ina hitilafu na atafute nyingine. Alirudi baada ya siku tatu kuniambia ameazima chaja ya mwenzake na mashine imepona. Alikuwa ameshaanza kukopa. Tangu siku ile, kipimo cha kwanza kwa dalili hii ni kujaribu chaja nyingine ya asili yenye wati zinazostahili, kabla ya bisibisi kugusa chochote. Chunguza sindano kwa tochi ya simu. Washa mashine uone kama inatoa onyo la chaja isiyotambulika kabla ya Windows. Kisha jaribu ukiwa kwenye betri peke yake: kasi ikirudi ukichomoa chaja, umempata mhalifu. Ikibaki chini hata hivyo, betri mbovu au sensa ya joto iliyoharibika inaweza kutoa amri hiyohiyo, na hapo ndipo fundi anahitajika.

Prosesa ina alama nzuri, lakini kompyuta ni nzito

Windows inachukua dakika kadhaa kufunguka, Word inafikiria kabla ya kuonekana, na bado Cinebench inasema kila kitu ni salama. Cinebench haisemi uongo. Ikishafunguka haigusi diski hata kidogo. Hapa chukua CrystalDiskMark, programu ndogo ya msanidi wa Japani anayetumia jina la "hiyohiyo" (jina la Kijapani, si neno letu), na kwangu ndicho kipimo chenye faida kubwa kuliko vyote kwa kompyuta za nyumbani.

Inatoa mistari minne. Watu wote wanakodolea macho wa kwanza, SEQ1M Q8T1, kwa sababu una namba kubwa. Huo unapima kusoma na kuandika faili kubwa kwa mfululizo. Unaokuambia kwa nini Windows ni nzito ni wa mwisho, RND4K Q1T1, unaopima vipande vidogo vilivyotawanyika, kimoja kimoja, jinsi mfumo unavyosoma maelfu ya mafaili madogo unapofunguka. Diski ya kuzunguka (hard disk) inaweza kupata megabaiti 100 kwa sekunde mstari wa kwanza, na chini ya 1 mstari wa mwisho. SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya kawaida ya SATA inapata megabaiti 20 na kuendelea hapo. Tofauti hiyo ndiyo unayoisikia mwilini unapongoja. Laptopu ya zamani yenye diski ya kuzunguka ukiibadilishia SSD hutaamini kuwa ni ileile, na alama ya Cinebench haitasogea hata kidogo.

Kama tayari una SSD, namba ya mstari wa kwanza inakuonyesha njia inayopita. Karibu na 550 ni SATA ya gigabiti 6, na huo ndio mwisho wake, hata ununue ya bei gani. Ikigota kwenye 270 au 280, SSD ni nzima lakini imeunganishwa kwenye njia ya SATA ya zamani ya gigabiti 3. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma hali ya diski; mstari wa aina ya uhamishaji unaonyesha njia inayotumika sasa na ile ambayo diski inaiweza. SATA/300 upande wa kushoto na SATA/600 upande wa kulia maana yake tundu la kompyuta ndilo linalochelewesha. Karibu na 35 au 40 ni diski ya nje iliyochomekwa kwenye USB 2.0, hamisha tundu. SSD ya NVMe, aina ya haraka kuliko SATA, kwenye PCIe 3.0 yenye njia nne inafika karibu na 3,500. Ikiishia 1,700 hivi, mara nyingi tundu lina njia mbili tu, na hilo ni umbile la laptopu, halina dawa.

Kuna kosa la ununuzi ambalo nalikuta kila mara. SSD fupi za M.2 zinafanana kwa sura, lakini nyingine ni SATA na nyingine ni NVMe. Tazama meno yake: ya SATA kwa kawaida ina mikato miwili, ya NVMe ina mkato mmoja. Ukiambiwa ni NVMe na CrystalDiskMark ikakupa 540, umeuziwa SATA.

Dalili ngumu zaidi ni hii: CrystalDiskMark inatoa namba nzuri, lakini ukinakili folda kubwa ya video mwendo unaanza na mia tano na kuishia arobaini. SSD za bei nafuu zina sehemu ndogo ya haraka ya kupokelea data, na ikijaa zinaandika kwa mwendo wao halisi. Jaribio la kawaida la CrystalDiskMark linatumia gigabaiti 1, ambayo inaingia yote kwenye sehemu hiyo ya haraka. Ongeza ukubwa wa jaribio hadi gigabaiti 16 au 32 na ukweli utatoka. Fanya hivyo mara moja, usiigeuze mazoea, kwa sababu kila jaribio linaandika data nyingi na kula umri wa diski. SSD iliyojaa hadi ukingoni nayo hudorora. Acha nafasi kiasi.

Kabla ya yote hayo, CrystalDiskInfo ikionyesha njano au nyekundu, acha kupima. Nakili picha za familia na nyaraka zako kwanza. Diski inayokufa haipaswi kusukumwa na jaribio lolote.

Ramu na picha

Laptopu nyingi za mtumba zinauzwa na kijiti kimoja cha ramu cha gigabaiti 8. Kwa kuandika haitasumbua. Kwa michezo na michoro inaumiza, kwa sababu kadi ya picha iliyomo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake. Inakula kwenye sahani moja na prosesa. DDR4 ya 3200 kwenye kijiti kimoja inapitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Vijiti viwili vinaifikisha 51.2. Task Manager inaonyesha matundu mangapi yametumika. Usishtuke CPU-Z ikiandika 1200 MHz kwenye ramu uliyouziwa kama 2400: inaonyesha nusu, na ni sahihi. Kwenye kompyuta ya mezani, ramu ya 3200 ikionekana inakwenda 2133, ingia BIOS (mipangilio ya kabla ya Windows) uwashe wasifu wa XMP, unaoiruhusu ramu kwenda kwa kasi yake.

Kwa picha kipimo kinachoheshimika ni 3DMark, kilichoanzia Finland kwa Futuremark na sasa kiko chini ya UL. Chagua jaribio linalolingana na mashine: Night Raid kwa kadi ya ndani ya prosesa, Time Spy kwa kadi ya michezo. Mtu akipima laptopu ya ofisi kwa Time Spy atapata namba ya kusikitisha isiyomfundisha lolote. Alama ikiwa ndogo mno, angalia kwanza kama jaribio lilitumia kadi ya ndani badala ya kadi kubwa. Matokeo yanaandika jina la kadi. Kwenye kompyuta ya mezani tazama nyuma: waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi, au kwenye madabodi? Fremu kwa sekunde zikigota 60 kamili bila kupanda wala kushuka, picha inasubiri skrini, na ulinganifu huo (V-Sync) unazimwa kwenye mipangilio ya draiva. Baada ya kupiga Windows mpya, hakikisha draiva ya kadi imewekwa, si ile ya muda ya Microsoft.

Alama ikipanda ghafla baada ya draiva mpya na mchezo ukabaki vilevile, usijilaumu. Mwaka 2003 Futuremark iligundua kwamba draiva za Nvidia zililitambua jaribio la 3DMark03 na kulirahisishia kazi. Waliporekebisha programu, alama ya GeForce FX 5900 Ultra ilishuka kwa asilimia 24.1, na ya ATI, mshindani wao, kwa 1.9. Baadaye Futuremark na Nvidia zilitoa tamko la pamoja lililosema haukuwa udanganyifu. Kwangu funzo la kazi ni dogo: ukipima picha, pima pia mchezo wenyewe unaoucheza.

Jaribio linakatika, au kompyuta inajizima

Ikizima ghafla kama umeme umekatika, tazama joto kwanza, kisha pawa saplai kwa kompyuta ya mezani. Jaribio la picha linapoanza, kadi inavuta umeme mwingi kwa mkupuo na saplai dhaifu inasalimu amri. Ikitoa skrini ya bluu, na ujumbe ukibadilika kila mara, shuku ramu. Weka MemTest86 kwenye flashi, iache ipime usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuikataa ramu. Toa kijiti kimoja, pima kilichobaki, kisha badilisha, mpaka umjue mgonjwa ni yupi.

Programu isipofunguka kabisa, soma mahitaji yake. Time Spy inataka Windows ya biti 64 na kadi inayoelewa DirectX 12; kadi ya zamani haitaifungua, na hilo si kuharibika.

Bando limeisha

3DMark inakula gigabaiti kadhaa kupakua, na si kila mtu anazo. Windows yenyewe ina kipimo cha zamani, WinSAT, kilichoanza na Windows Vista. Dirisha lake la alama liliondolewa kwenye Windows 8.1, lakini injini ilibaki, hata kwenye Windows 10. Chomeka chaja, fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, andika winsat formal, subiri kimalize. Kisha fungua PowerShell uandike Get-CimInstance Win32_WinSAT. Utapata alama ya prosesa, ramu, diski na picha, na mizani inaishia 9.9. Alama ya D3D ipuuze, hutoka 9.9 hata kwa kadi dhaifu. Ya diski ndiyo ya kuangalia. Ikiwa 5 na kitu wakati nyingine ziko 7 na 8, rudi kwenye sehemu ya diski hapo juu. Si kipimo cha kujivunia, lakini hakigharimu hata megabaiti moja.

Chini ya laptopu ya yule mwalimu nilibandika kipande cha plasta nyeupe, nikaandika kwa kalamu ya wino: Cinebench R23, dakika 10, kwenye chaja, 3,180, nyuzi 78, Machi. Mwezi wa tisa alirudi, mitihani ikiwa inakaribia, ana wasiwasi kwamba imeanza tena. Tuliiweka juu ya meza ileile, tukasubiri dakika 10 pamoja. Ikatoa 3,120, nyuzi 80. CrystalDiskInfo ilikuwa ya bluu. Tulichokuta ni folda ya mafaili inayosawazishwa na intaneti ambayo mwanawe aliiweka wiki iliyopita, inapandisha picha zote za simu kila anapowasha mashine. Tukaisimamisha, nikaongeza tarehe na namba mpya kwenye plasta.